Kijiji cha Wapiga Kura Sita

Wasomaji wengi wamepata kusikia katika redio jina la Dixville Notch, ingawa pengine hawakulitia moyoni. Kila baada ya miaka minne, siku ya kumchagua Rais wa Marekani, jina hilo hutajwa duniani kote kwa muda wa saa chache, kisha husahauliwa mpaka miaka minne mingine ipite. Ni mahali padogo sana, kaskazini ya jimbo la New Hampshire, ambapo watu hupiga kura saa sita ya usiku kamili, na kura zao huhesabiwa na kutangazwa kabla nchi nyingine haijaamka.

Mwezi wa Novemba mwaka 2024 nilikuwa Marekani kwa likizo yangu, nikikaa kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts. Wakenya ni wengi huko Lowell, hata katika duka la kwanza nililoingia nilisikia Kiswahili kabla sijasikia Kiingereza. Kaka amekaa nchi hiyo miaka mingi, naye amekwisha kula kiapo cha uraia. Kazi yake ni kuwatunza wazee wasiojiweza, na ana kazi mbili, moja ya mchana na moja ya jioni.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba aliporudi kazini tulikaa tukitazama televisheni. Saa sita ilipogonga tukaonyeshwa chumba cha nyumba ya kawaida, na mtu akipiga wimbo wa taifa kwa kodiani. Kisha watu sita wakapiga kura mmoja mmoja, na kwa muda wa robo saa hivi mambo yakawa yamekwisha: Bibi Kamala Harris kura tatu, Bwana Donald Trump kura tatu. Nikamwambia kaka kwamba mahali hapo nataka kupaona kwa macho yangu. Akacheka sana. “Mdogo wangu,” akasema, “watu huja Marekani kutazama majumba ya New York, nawe wataka kutazama nyumba moja porini?” Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa na nafasi, tukaondoka alfajiri kwa motokaa yake.

Kutoka Lowell hata Dixville Notch ni karibu maili mia mbili. Mwanzoni barabara ni pana, nayo hupita Concord, mji mkuu wa New Hampshire. Baadaye milima huanza, na barabara hupenya katika pengo liitwalo Franconia Notch. Neno hilo “notch” watu wa huko hulitumia kwa maana ya njia nyembamba kati ya milima miwili. Hapo Franconia palikuwa na jabali lililofanana na uso wa mzee, na watu wa jimbo lile walilipenda mno hata wakaliweka katika alama za barabara zao. Lakini tarehe 3 Mei mwaka 2003 uso ule ulianguka, na sasa alama zimebaki na mzee mwenyewe hayupo.

Kupita hapo nyumba zinapungua. Tuliufuata mto Connecticut, ambao ng'ambo yake ni jimbo la Vermont, tukapita vijiji vyenye makanisa meupe ya mbao. Majani ya miti yalikuwa yamekwisha anguka, na juu ya vilele kulikuwa na theluji kidogo. Kila baada ya maili chache tuliona kibao cha kumwonya dereva juu ya mnyama aitwaye moose, mkubwa kama pofu, mwenye pembe pana kama makafi. Akigongwa na motokaa, hufa yeye na mara nyingine hufa dereva pia. Kaka, ambaye tulipokuwa watoto hakuogopa hata fisi, alipunguza mwendo.

Tulipofika Groveton nilimwuliza habari ya uwanja mkubwa mtupu uliokuwa karibu na mji. Hapo palikuwa na kiwanda cha karatasi, nacho kilifungwa mwaka 2007. Mwaka mmoja kabla ya hapo kiwanda cha kusaga miti katika mji wa Berlin, upande wa mashariki, kilikuwa kimefungwa vile vile. Sehemu yote ile, iitwayo Coos, iliishi kwa miti na karatasi, kama wilaya zetu nyingine zinavyoishi kwa chai au kahawa. Mwenye kutaka kujua siasa za Coos na aanze hapo. Mwaka 2008 na mwaka 2012 wapiga kura wake wengi walimchagua Barack Obama, mwana wa Mkenya. Lakini mwaka 2016, 2020 na 2024 walio wengi walimchagua Donald Trump. Kwa hiyo wale wale waliomchagua wa kwanza, baadhi yao walimchagua wa pili. Katika miji mikubwa watu huona jambo hilo kuwa la ajabu. Mimi, baada ya kuuona uwanja ule wa Groveton, sikuliona hivyo.

Colebrook ndio mji wa mwisho. Tuliingia mkahawani tukanywa kahawa, na mama aliyetuhudumia alipotusikia tunakokwenda akatabasamu kama mtu aliyekwisha ulizwa hayo mara nyingi. Alituambia kwamba wenye kamera huja usiku mmoja, hujaza vyumba vyote vya kulala wageni, na asubuhi huwa wamekwenda. “Hakuna aulizaye tumeishije miaka minne iliyo katikati,” akasema, naye hakusema kwa hasira.

Kutoka Colebrook ni maili kumi kwenda mashariki. Barabara inapanda, na kwa ghafula miamba mirefu inasimama kulia na kushoto, imechongoka kama meno. Chini yake kuna ziwa dogo liitwalo Gloriette, na kando ya ziwa kuna hoteli kubwa sana yenye mapaa mekundu, iitwayo The Balsams. Nasema ni hoteli, lakini milango yake imefungwa tangu mwaka 2011. Tuliteremka tukasimama katika upepo. Hapakuwa na soko, wala duka, wala shule, wala mtu njiani. Nilitazama huku na huku nikitafuta kijiji, kumbe kijiji ndicho hicho nilichokuwa nikikitazama.

Yafaa nieleze ilikuwaje mahali kama hapo pakapata kituo cha kura. Mwaka 1954 hoteli ile ilinunuliwa na Bwana Neil Tillotson, mtu wa viwanda vya mpira. Yeye ndiye aliyebuni vibofu vya mpira vya kuchezea watoto, na kibofu chake cha kwanza kilikuwa na umbo la kichwa cha paka na masikio yake. Wafanya kazi wa hoteli waliishi pale pale, na siku ya uchaguzi iliwabidi kwenda kupigia kura katika mji mwingine. Bwana Tillotson akafanya mpango na serikali ya jimbo, Dixville ikapewa haki ya kuendesha uchaguzi wake yenyewe, na katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1960 wakaanza kupiga kura usiku wa manane. Yeye mwenyewe alitia kura ya kwanza katika kila uchaguzi wa Rais kwa miaka arobaini, hata akafa mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 102.

Hata hivyo desturi yenyewe hawakuianzisha wao. Mahali pengine katika jimbo hilo, paitwapo Hart's Location, walikuwa wameianza mwaka 1948, na sababu yao ilikuwa ya kazi. Wengi walikuwa watu wa reli, na asubuhi walitakiwa wawe kazini kabla vituo havijafunguliwa. Wakaona afadhali wapige kura usiku kuliko kuikosa. Mwaka 1964 waliiacha kwa kuchoshwa na waandishi wa magazeti, kisha wakairudia mwaka 1996. Sheria ya New Hampshire inaruhusu mahali penye wakaaji chini ya 100 kufungua kituo saa sita ya usiku, na kukifunga mara tu wote walioandikwa katika daftari wakiisha kupiga kura. Kama kuna hata mmoja ambaye kura yake haijafika, hakifungwi.

Kwa hiyo Dixville Notch hujivunia kwamba wapiga kura wake wote, mia kwa mia, hupiga kura. Katika nchi nzima mambo si hivyo. Mwaka 2020, ambao watu walijitokeza kwa wingi usioonekana tangu mwaka 1900, waliopiga kura walikuwa kama 66 katika kila mia ya wenye haki. Na mwaka 2024 walikuwa kama 64. Katika uchaguzi wa mwaka 2022, ambao hapakuwa na Rais wa kuchaguliwa, hawakufika hata nusu.

Sasa tuje kwenye siasa za kijiji hicho. Mwaka 1960 Bwana Nixon alipata kura zote tisa, na Bwana Kennedy hakupata hata moja. Lakini Rais akawa Kennedy. Mwaka 1968 wakamchagua Bwana Humphrey wa chama cha Democratic, na nchi ikamchagua Nixon. Basi wale wasemao kwamba Dixville hutabiri atakayeshinda, na wahesabu vizuri. Kwa kawaida palikuwa mahali pa chama cha Republican. Mwaka 2000 Bwana Bush alipata kura 21 na Bwana Gore 5. Mwaka 2004 Bush alipata 19 na Bwana Kerry 7. Mwaka 2008 mambo yakageuka, Bwana Obama akapata 15 na Bwana McCain 6. Mwaka 2012 ikawa sare, tano kwa tano, na mwaka 2016 Bibi Clinton akapata nne na Bwana Trump mbili.

Waandishi hutazama hesabu hizo na kuuliza nani ameshinda. Mimi ni karani, na tangu nianze kazi nimezoea kujumlisha safu, basi nilijumlisha. Mwaka 2000 walipiga kura watu 27. Mwaka 2008 walikuwa 21. Hoteli ikafungwa mwaka 2011, na mwaka uliofuata walikuwa 10. Mwaka 2020 walikuwa watano tu. Hesabu hiyo ya chini ndiyo niliyoiona imeandikwa katika madirisha ya hoteli ile, hata kuliko habari ya vyama.

Mwaka 2019 kijiji kilikaribia kuikosa haki yake. Wakaaji walikuwa wamebaki wanne, nao hawakutosha kushika kazi zote ambazo sheria hutaka zishikwe na wakaaji wenyewe, yaani msimamizi wa uchaguzi, karani, wazee wa kijiji na wakaguzi wa daftari. Pasipo watu wa kushika kazi hizo, uchaguzi haufanyiki. Ndipo Bwana Les Otten, tajiri aliyekuwa na mpango wa kuijenga upya hoteli, alipohamia pale akawa mtu wa tano, na kituo kikasalimika. Nilifurahi kuona kwamba hata katika nchi kubwa namna ile, jambo lililotazamwa na dunia nzima lilikuwa likingojea mtu mmoja akubali kuketi mezani na kuandika majina.

Bado kuna swali la siri. Zamani chumba cha kura katika hoteli kilikuwa na kibanda cha kila mpiga kura, ili wote waingie kwa pamoja na asiwepo wa kumtazama mwenziwe. Lakini kibanda husaidia nini watu wakiwa watano? Mwaka 2020 Bwana Biden alipata kura zote tano, na tangu dakika ile hapakuwa na siri yoyote Dixville. Bwana Otten, kwa upande wake, hakuitaka hiyo siri. Alitangaza kwamba maisha yake yote yeye ni mtu wa Republican, ila kwa kiti cha Rais anampa Biden kura yake.

Mwaka 2024 wapiga kura walikuwa sita. Katika daftari, wanne waliandikwa chama cha Republican na wawili hawakuandikwa chama chochote, kwa maana New Hampshire humruhusu mtu kutojifunga. Mwezi wa Januari, katika kura ya mchujo, wote sita walimchagua Bibi Nikki Haley wa Republican. Mwezi wa Novemba Bibi Harris wa Democratic akapata tatu. Msomaji atoe mwenyewe: hata kama wale wawili wasio na chama walimpa Harris wote wawili, kura ya tatu ilitoka kwa mtu wa Republican. Mtu huyo kila siku hukutana na wenzake watano, nao wanajua kwamba yumo miongoni mwao. Nimekaa nikiwaza habari yake kuliko habari za wakubwa waliogombea. Mahali pengine mtu hujificha katika maelfu, bali yeye alijua tangu mwanzo kwamba hana pa kujificha, na alikwenda vile vile.

Wala wasomaji wasidhani kwamba milima yote ile ina mawazo ya namna moja. Karibu kabisa na Dixville kuna kijiji cha Millsfield, ambacho nacho kimepata kupiga kura usiku. Huko mwaka 2016 Bwana Trump alipata kura 16 na Bibi Clinton nne. Miamba ni ile ile na baridi ni ile ile, lakini Millsfield ni pa wenyeji wa siku nyingi, na Dixville ilikuwa hoteli.

Tulipokuwa tukirudi jua lilikuwa limeanza kushuka, na kaka alinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nikimweleza mambo niliyoyasoma, kwamba New Hampshire ina baraza la wajumbe 400, ingawa watu wake ni kama milioni moja na laki nne tu, na kwamba kila mjumbe hulipwa dola mia kwa mwaka, mshahara ambao haukuongezwa tangu mwaka 1889. Ndipo akanikatiza.

“Mimi sikupiga kura,” akasema.

Nilishangaa, kwa kuwa Jumanne ile ile tulikuwa tumekesha tukifuata matokeo, naye akiyataja majimbo kama mtu aitajaye ng'ombe zake. Akanieleza. Alipokula kiapo cha uraia alidhani kwamba jina lake limekwisha ingia katika daftari. Alipokuja kuuliza, mwezi wa Oktoba ulikuwa unakwisha, na katika Massachusetts mtu hana budi kujiandikisha siku kumi kabla ya uchaguzi. Kama angalikaa New Hampshire, maili chache tu kutoka mlangoni pake, angaliweza kujiandikisha siku ile ile ya kura. Hata hivyo, akasema, Jumanne ile alikuwa na kazi zote mbili, na siku ya uchaguzi huko si sikukuu.

Hilo nililifahamu baadaye. Siku ya Jumanne iliwekwa na sheria ya mwaka 1845, na iliwekwa kwa ajili ya wakulima. Novemba mavuno yamekwisha na theluji kuu haijaanza. Jumapili ni ya ibada, Jumatano ni ya soko. Basi Jumatatu mkulima alifunga farasi wake akasafiri, na Jumanne akapiga kura. Ilikuwa sheria ya busara kwa mwenye farasi na shamba. Kwa mtu anayewaosha wazee asubuhi nyumba moja na jioni nyumba nyingine, farasi huyo hafai. Kweli, siku hizi waweza kupeleka kura kwa posta, au kupiga mapema, lakini kwanza sharti jina liwe daftarini. Nilimkumbuka yule mtu wa reli wa Hart's Location, ambaye naye alikuwa na zamu ya alfajiri.

Sikumlaumu kaka, ingawa nilitamani. Kwetu nimeona akina mama wakipanga mstari kabla ya jogoo kuwika, na blanketi mabegani, na nilitaka kumkumbusha. Lakini kwetu siku ya kura kazi husimama.

Siku mbili kabla ya kuondoka kwangu alipata saa moja ya mapumziko, tukaenda pamoja katika nyumba ya serikali ya mji wa Lowell. Msichana wa dirishani akampa karatasi moja, fupi kuliko nilivyotazamia. Kaka akanisukumia akisema, “Wewe ndiwe karani.” Nikamsomea: jina, tarehe ya kuzaliwa, nyumba unayokaa, je, u raia? Akaandika pole pole kwa herufi kubwa kama tulivyofundishwa. Tulipofika mahali pa kuchagua chama, au kutochagua, alisita. Nikamweleza kwamba katika jimbo lile wengi wa wapiga kura hawana chama, na kwamba yo yote atakayoandika hapo si siri, kwa kuwa daftari husomwa.

“Najua,” akasema. Kisha akaivuta ile karatasi kwake, akaifunika kwa mkono wa kushoto, akaandika, nami nikageuza uso nikatazama mlangoni.